Floridi na Kinga ya Meno: Historia ya Jina, Sababu na Kipimo

Kila istilahi ina historia yake, na msanifu asiyeijua historia hiyo huenda akatafsiri neno na kuiacha maana nyuma. Katika makala haya nakusudia kueleza historia ya istilahi moja ambayo matumizi yake yanazidi kuenea katika vitabu vya afya, katika maandishi ya vifuko vya dawa za meno, na katika taarifa za maji, nayo ni floridi. Mimi si daktari wa meno wala si mkemia. Nayatazama mambo haya kwa jicho la mtu ambaye kazi yake ni kuyatafutia mambo majina. Hata hivyo nitajaribu kuonyesha kwamba ujuzi wa kuyakinga meno kwa floridi ulipatikana hatua kwa hatua, sambamba na mabadiliko ya majina. Na kwamba kwetu Afrika Mashariki, hasa katika nchi za Bonde la Ufa, jina likikosewa watakaoumia ni watoto.

Asili ya Jina

Wafua madini wa Ulaya walilijua tangu zamani jiwe moja ambalo, likitiwa tanuruni pamoja na mawe yenye madini, huyafanya yayeyuke upesi na kutiririka. Georgius Agricola, mwandishi mashuhuri wa habari za madini wa karne ya 16, alilipa jiwe hilo jina lenye mzizi wa kitenzi cha Kilatini fluere, yaani kutiririka. Kwa hiyo jina tulilo nalo leo lilizaliwa tanuruni, wala halikuwa na uhusiano wowote na meno.

Mwaka 1812 mwanasayansi wa Ufaransa, André-Marie Ampère, alimwandikia Humphry Davy wa Uingereza akitoa hoja kwamba ndani ya asidi itokanayo na jiwe hilo imo elementi ambayo bado haijapatikana peke yake, akashauri iitwe kwa jina lenye mzizi huo huo wa Kilatini. Baadaye Ampère mwenyewe alibadili shauri, akapendelea jina lenye mzizi wa Kigiriki wenye maana ya kuangamiza, maana asidi hiyo hula hata kioo. Ulaya Magharibi ilishika jina la kwanza. Wagiriki na Warusi wakashika la pili, na hata leo Mrusi huiita elementi hiyo ftor. Jina moja lasifu manufaa ya kitu hicho, na la pili laonya juu ya ukali wake. Elementi yenyewe ilitengwa na Henri Moissan mwaka 1886, kazi ambayo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1906.

Hapa msomaji na azingatie tofauti moja. Florini ni elementi yenyewe, gesi kali yenye sumu. Floridi ni florini iliyokwisha kuungana na kitu kingine, kama vile kalsiamu au sodiamu. Nayo ndiyo ipatikanayo katika mawe, katika maji, katika majani ya chai, na katika mifupa na meno yetu.

Doa Moja, Majina Mengi

Mwaka 1901 kijana mmoja daktari wa meno, Frederick McKay, alianza kazi katika mji wa Colorado Springs, Marekani. Aliona jambo ambalo hakufundishwa chuoni: wenyeji wengi wa mji ule walikuwa na madoa ya kahawia katika meno, na kwa baadhi yao jino zima lilikuwa limegeuka rangi. Watu waliyaita madoa ya Colorado, nao hawakukosa maelezo: wengine walilaumu ulaji wa nyama ya nguruwe, wengine maziwa yasiyo mazuri, na wengine wingi wa kalsiamu katika maji.

Mwaka huo huo J. M. Eager, daktari wa serikali ya Marekani aliyekuwa kituoni Naples, Italia, alitoa taarifa juu ya wahamiaji wenye meno kama hayo. Huko yaliitwa meno ya Chiaie, kwa jina la profesa mmoja. Na katika nyanda za fosfati za Afrika Kaskazini wenyeji walikuwa na neno lao, darmous, kwa maradhi yaliyoharibu meno ya mifugo wao.

Tazama basi: jambo lilikuwa moja, na majina yalikuwa matatu. La kwanza lilitaja mahali, la pili lilitaja mtu, la tatu lilikuwa neno la wenyeji lisilofika mbali. Kila jina lililifungia jambo hilo kwao, hata ikawa shida kwa mtu wa Colorado kutambua kwamba doa lake ni ndugu wa darmous.

Tangu mwaka 1909 hadi kifo chake mwaka 1915, G. V. Black, mtaalamu mkubwa wa meno wa Marekani wa wakati huo, alishirikiana na McKay katika uchunguzi. Wao waliacha jina la mahali wakatumia maelezo ya kinachoonekana: enameli yenye mabaka. Enameli ni gamba gumu linalofunika jino. Uchunguzi wao ulithibitisha mambo mawili. Kwanza, madoa hayo huingia wakati jino lingali likiundwa ndani ya ufizi. Mtu aliyehamia mjini akiwa na meno yake yote ya ukubwani hakuyapata. Pili, na hili liliwashangaza, meno yale yenye madoa hayakuoza kwa urahisi kama walivyotazamia.

Sababu Yapatikana

Mwaka 1923 McKay aliitwa katika mji wa Oakley, jimbo la Idaho. Wazazi walikuwa wameona madoa katika meno ya watoto wao tangu mji ulipovuta maji kwa bomba kutoka chemchemi ya maji ya moto. McKay alipima maji yale asione kitu, lakini hata hivyo aliwashauri waiache chemchemi hiyo. Waliiacha, na baada ya miaka michache watoto wadogo walianza kuota meno yasiyo na doa. Sasa ilijulikana kwamba kisa kilikuwa majini, ila kilikuwa hakijapata jina.

Jina lilipatikana mwaka 1931. Mji wa Bauxite, Arkansas, ulikuwa mali ya kampuni ya alumini ya ALCOA, na watoto wake walikuwa na madoa, hali watoto wa mji jirani hawakuwa nayo. H. V. Churchill, mkuu wa wakemia wa kampuni hiyo, aliyachunguza maji ya Bauxite kwa mtambo wa kupiga picha za mwanga wa elementi, akakuta floridi nyingi kupita alivyodhani. Kwanza hakuamini, aliagiza maji mengine yaletwe, na jibu likawa lile lile. Mwaka huo huo watafiti wa Arizona waliokuwa wakiwalisha panya walifikia sababu hiyo hiyo, na Velu naye akafanya hivyo kwa darmous ya Morocco.

Tangu hapo jina la kitaalamu lilifuata sababu, likawa florosisi. Kwa jina hilo Colorado, Naples na Morocco ziliwekwa katika jedwali moja, na mtu wa nchi yoyote aliweza kupima maji yake na kujua hali yake. Wanaosanifu istilahi watakubali kwamba mfano huu wafaa kufundishiwa: jina la mahali huonyesha palipo na tatizo, jina la sura huonyesha dalili, na jina la sababu huonyesha la kufanya.

Kutoka Doa hadi Kinga

Mwaka huo wa 1931 H. Trendley Dean alianza kuyashughulikia mambo haya katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Marekani. Swali lake lilikuwa la kipimo: ni kiasi gani cha floridi kinachoanza kuleta madoa? Mwenzake Elias Elvove alibuni njia ya kupima floridi hadi sehemu 0.1 katika milioni. Dean naye alisanifu daraja za florosisi, tangu jino lililo salama hadi jino lililoharibika vibaya, na kila daraja akaipa jina na maelezo yake. Bila ngazi hiyo ya majina, daktari wa mji mmoja asingeweza kulinganisha alichokiona na alichokiona mwenzake wa mji mwingine.

Uchunguzi wa Dean ulionyesha kwamba floridi isipozidi miligramu 1 katika lita ya maji haileti madoa ya kuonekana kwa walio wengi. Kisha akakumbuka lile la meno yenye madoa kutooza. Yeye na wenzake waliwakagua watoto 7,257 wa umri wa miaka 12 hadi 14 katika miji 21, wakaona kwamba pale floridi ilipokaribia miligramu 1 katika lita meno mabovu yalikuwa machache, na madoa yalikuwa haba. Ndipo likaja wazo la kuongeza floridi katika maji yenye upungufu. Tarehe 25 Januari 1945, Grand Rapids katika jimbo la Michigan ulikuwa mji wa kwanza duniani kufanya hivyo. Baada ya miaka 11 ilitangazwa kwamba kuoza kwa meno kumepungua kwa zaidi ya asilimia 60 miongoni mwa watoto waliozaliwa tangu mpango huo uanze.

Jambo hilo lilizusha ubishi tangu mwanzo na haujaisha, maana maji ya bomba hunywewa na wote, atakaye na asiyetaka. Vipimo navyo vimerekebishwa: mwaka 2015 Marekani ilishauri miligramu 0.7 katika lita. Mapitio ya utafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2024 yalionyesha kwamba faida ya kutia floridi katika maji ni ndogo siku hizi kuliko zamani, kwa kuwa watu wengi sasa hutumia dawa ya meno yenye floridi. Dawa ya namna hiyo ilianza kuuzwa kwa wingi Marekani katikati ya miaka ya 1950.

Ufahamu wa jinsi floridi inavyofanya kazi nao umebadilika. Hapo awali ilidhaniwa kwamba sharti imezwe utotoni ili ijenge jino imara. Sasa inafahamika kwamba kazi yake kubwa huifanya juu ya jino lililokwisha ota. Bakteria wa kinywani hula sukari na kutoa asidi. Asidi huchopoa kalsiamu na fosfati katika enameli. Floridi kidogo iliyopo matemate huzisaidia chembe hizo kurudi mahali pake, na enameli iliyojengwa upya pamoja na floridi hustahimili asidi kuliko ile ya awali. Kwa hiyo kinachotakiwa ni floridi kidogo igusayo meno kila siku. Mtoto aliye chini ya miaka 3 yamtosha dawa ya kadiri ya punje ya mchele, na wa miaka 3 hadi 6 kadiri ya njegere, naye afundishwe kutema.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliitia dawa ya meno yenye floridi katika orodha yake ya dawa muhimu. Waswahili walikwisha iita dawa muda mrefu kabla ya hapo, hata pale ilipokuwa sabuni yenye harufu nzuri tu.

Floridi Kwetu

Msomaji atakuwa ametambua kwamba historia hii ilianzia katika maji yenye floridi nyingi mno, na kinga ikaja nyuma. Sisi tunaoishi kando ya Bonde la Ufa tungali katika ile sura ya kwanza. Miamba ya volkeno tangu Arusha hadi Nakuru ina floridi nyingi, na maji yapitayo humo huibeba. Katika vijiji vya chini ya Mlima Meru, pamoja na vile vya kandokando ya mto uitwao Maji ya Chai, zimepimwa chemchemi na visima vyenye floridi zaidi ya miligramu 10 katika lita, hali kiwango cha mwisho kilichoshauriwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1984 ni miligramu 1.5. Watoto wanywao maji hayo huota meno ya kahawia, na palipo na floridi nyingi zaidi mifupa nayo huathirika, miguu ikapinda.

Serikali ya Tanzania iliiona shida hiyo. Viwango vya muda vya mwaka 1974 viliruhusu hadi miligramu 8 katika lita kwa maji ya vijijini, kwa sababu mahali pengi hapakuwa na maji mengine ya kunywa. Kiwango hicho kilishushwa baadaye hadi miligramu 4, na mwaka 2018 kikafikishwa 1.5. Katika Kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha, ulifanyika utafiti wa kuondoa floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na Nakuru pia njia hiyo imetumika. Mkaa huo huinasa floridi kwa sababu mifupa na enameli vimeumbwa kwa madini ya jamii moja. Kile kinachoifanya floridi ishike katika jino ndicho kinachoifanya ishike katika mkaa.

Tena si maji peke yake. Magadi yatumikayo kulainisha maharage na mahindi yaweza kuwa na floridi nyingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 uliyahusisha magadi hayo na florosisi kali ya meno katika vijiji vya Tanzania, hata pale ambapo maji yenyewe yalikuwa na floridi kidogo.

Wenye meno ya namna hiyo hubeba mzigo wa pili, nao ni wa lugha. Huambiwa hawasugui meno. Kijana huficha kinywa chake anapocheka kwa kosa asilolitenda, na mama husugua meno ya mtoto kwa mchanga na mkaa akidhani ni uchafu, kumbe doa limo ndani ya enameli tangu jino halijaota. Laiti neno florosisi lingekuwa limeenea kama lilivyoenea neno malaria, lawama hiyo isingekuwapo.

Tatizo la Istilahi

Sasa tuingie katika kazi yetu. Kiingereza hutumia neno moja kwa kumtibu mgonjwa, kwa kulipaka jino kitu cha kulikinga, na kwa kuyasafisha maji. Wafasiri wetu hulipokea neno hilo na kuandika tiba ya floridi. Je, ni tiba itolewayo kwa floridi, ni tiba ya mtu aliyedhuriwa na floridi, au ni usafishaji wa maji yenye floridi?

Chanzo cha utata huu ni kiunganishi chetu -a, ambacho hubeba mahusiano mengi. Dawa ya meno huyasaidia meno. Dawa ya mbu huwaua mbu. Kinga ya mtoto humlinda mtoto. Kinga ya malaria humlinda mtu asipate malaria. Mswahili hakosei hapo, kwa sababu anamjua mbu na anayajua meno, na ujuzi huo humwongoza. Lakini floridi haina rangi, haina harufu, na katika maji ya kunywa haionjeki. Msomaji wa Tanga akikuta kinga ya floridi ataelewa kwamba floridi humkinga. Msomaji wa Arumeru aweza kuelewa kwamba anakingwa na floridi. Na kila mmoja kwa sarufi yake amesema kweli.

Utata wa pili ni wa sauti. Floridi hufanana na kloridi, na florini hufanana na klorini. Klorini hutiwa katika maji ili kuua vijidudu, na watu husema maji yametiwa dawa. Mwanakijiji akisikia hivyo, au akiyachemsha maji kama alivyofundishwa, huamini kwamba sasa ni maji safi na salama. Lakini klorini haiondoi floridi. Na kuchemsha huondoa mvuke na kuiacha floridi yote katika maji yaliyobaki.

Mapendekezo

Kwa sababu hizo napendekeza mambo yafuatayo.

(a) Tuandike floridi na florini, tuache floraidi na maandishi mengineyo, ili jamii moja ya maneno iwe na tahajia moja pamoja na kloridi na klorini.

(b) Kiunganishi -a kisitumike peke yake kati ya tiba, dawa au kinga na neno floridi. Tuseme kukinga meno kwa floridi, dawa ya meno yenye floridi, na kinga dhidi ya floridi iliyozidi.

(c) Matendo mawili yanayopingana yapewe vitenzi viwili visivyofanana: kutia floridi katika maji na kuondoa floridi katika maji. Neno kutibu maji lisitumike kwa lolote kati ya hayo.

(d) Maradhi yaitwe florosisi, nayo igawanywe katika florosisi ya meno na florosisi ya mifupa. Meno ya kahawia libaki kuwa jina la dalili, kwani madoa yana sababu nyingine pia, tumbaku ikiwa mojawapo.

(e) Kila tangazo litajalo floridi ya maji litaje pia miligramu katika lita. Neno hili, pasipo kipimo, halimwambii mtu kama ashukuru au ajihadhari.

Yapo maneno ambayo wenyeji wa mikoa yenye floridi nyingi, kama vile Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga, wanayatumia kwa maji yao, kwa meno ya watoto wao na kwa miguu iliyopinda, na maneno hayo hayajaingia katika orodha zetu. Madaktari wa meno, mafundi wa maji, walimu na wazee wa huko wanaombwa watuletee, pamoja na maelezo ya jinsi yanavyotumiwa, ili kamati ya istilahi iyapime kabla mapendekezo haya hayajathibitishwa.